Tufe, kinundu na kipapasio

Anayetafsiri mwongozo wa kompyuta mpakato kwa Kiswahili hukwama mapema, kabla hata hajayafikia mambo ya kumbukumbu na mtandao. Anatakiwa amwambie msomaji asogeze ile alama ya mshale iliyo kwenye skrini kwa kutumia kile kifaa kilicho chini ya kibodi, na mara anajikuta ameandika: sogeza kielekezi kwa kutumia kielekezi. Neno moja limebebeshwa vitu viwili, kimoja cha kuonwa na kimoja cha kushikwa. Mzoefu ataelewa. Anayeinunua kompyuta kwa mara ya kwanza, ambaye ndiye aliyeandikiwa mwongozo, ataduwaa.

Dawa yake si ngumu. Kinachotembea kwenye skrini tukiite kishale. Neno hilo limo vinywani mwa watu na linataja umbo ambalo kila mtu analiona. Hata kinapogeuka kijistari cha kuandikia au picha ya mkono, bado mtu huuliza kishale kimeenda wapi. Kinachoendeshwa kwa mkono ndicho tukiite kielekezi. Wapo wanaopendelea kiashiria, lakini neno hilo lina wenyewe: ripoti za afya, elimu na uchumi zimejaa viashiria, yaani vipimo vya maendeleo, na haifai kuwanyang'anya. Kielekezi kimetoka kwenye kuelekeza, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mkono unaelekeza, kishale kinafuata.

Hilo ni jina la jumla. Chini yake vipo vifaa kadhaa ambavyo tafsiri nyingi huvichanganya, kwa sababu mtafsiri ameliangalia neno la Kiingereza badala ya kuuangalia mkono wa mtumiaji. Mkono ukiangaliwa vizuri unatoa majina wenyewe.

Kielekezi kilichowahi kujulikana sana ni kipanya. Douglas Engelbart na mhandisi Bill English walitengeneza cha kwanza California mwaka 1964, kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili tumboni, na tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart alikionyesha hadharani San Francisco. Sisi tulikipokea kwa majina zaidi ya moja: kipanya, puku, na mausi ya madukani na ofisini. Tatizo la kipanya ni kwamba kinadai meza. Kompyuta mpakato, au kipakatalishi kama wanavyosema wengi nchini Kenya, imepewa jina kutokana na kupakata, kuweka kitu mapajani kama mtoto anavyopakatwa, na mapajani hakuna meza. HP walijaribu kulitatua jambo hilo mwaka 1993 kwa OmniBook 300, iliyokuwa na kipanya kidogo kinachochomoka ubavuni huku kikishikiliwa na utepe wa plastiki. Mtindo huo haukuenea. Vilivyoenea ni vielekezi vitatu vilivyojengewa ndani ya mwili wa mashine, na kila kimoja kinaomba tendo lake kutoka kwenye kidole.

Cha kwanza huviringishwa. Ni tufe lililozama nusu kwenye tundu, na kidole hulizungusha pale pale lilipo. Chombo hiki ni cha kale kuliko kipanya: Mwingereza Ralph Benjamin alikibuni mwaka 1946 kwa ajili ya mitambo ya rada ya jeshi la majini, na mwaka 1952 wahandisi wa Kanada, katika mradi wa jeshi lao la majini ulioitwa DATAR, walitumia mpira halisi wa mchezo wa bowling. Kwenye kompyuta za kubebeka lilipata umaarufu kupitia Apple. Macintosh Portable ya mwaka 1989, mashine ya kilo zaidi ya 7, ilikuwa na tufe pembeni mwa kibodi ambalo liliweza kuhamishwa upande wa pili kwa mtumiaji wa mkono wa kushoto. Oktoba 1991 zikaja PowerBook za kwanza, na hizo ndizo zilizobadilisha sura ya kompyuta mpakato mpaka leo. Kibodi ilisukumwa nyuma ikakaribia skrini, tufe likawekwa katikati upande wa mbele, na kulia na kushoto kukabaki nafasi ya kuegeshea viganja. Tazama kompyuta mpakato yoyote iliyo karibu nawe. Tufe limeondoka, mpangilio wake umebaki.

Lililoliondoa ni unene na uchafu. Tufe lina kina, na mashine zilikuwa zinazidi kuwa nyembamba. Tena ndani yake lilikuwa linagusana na vijiti viwili vinavyozunguka, kimoja cha kupima mwendo wa kulia na kushoto, kingine cha mbele na nyuma. Mafuta ya kidole na vumbi yalijiviringa kwenye vijiti hivyo yakawa pete nyeusi ngumu, kishale kikaanza kurukaruka, na mtu akalazimika kufungua kifuniko, kutoa tufe na kukwangua kwa ukucha.

Kuhusu jina, sioni sababu ya kuhangaika. Wako walioandika mpira wa kufuatilia, tafsiri ya neno kwa neno isiyomwambia kitu msomaji, kwani hakuna kinachofuatiliwa. Tufe tunalo. Wanahisabati wanalitumia kwa umbo la mviringo kamili, na wanariadha wanarusha tufe kila msimu wa mashindano. Tahadhari ni moja: tusiseme kitufe, maana hicho tumeshakitoa kwa vibonyezo vya kibodi na vya programu.

Cha pili husukumwa, na ndicho ninachotaka kukaa nacho zaidi, kwa sababu ndicho kinachoeleweka vibaya kuliko vyote. Ni kile kidude chekundu kilicho katikati ya herufi G, H na B kwenye kompyuta za ThinkPad. Nimesikia kikiitwa kitufe chekundu, kijiti, hata kifutio, kwa kuwa kofia yake ya mpira inafanana na kifutio cha penseli. Jina la kibiashara ambalo IBM, watengenezaji wa kwanza wa ThinkPad, walikipa ni TrackPoint. Aliyekianzisha ni Ted Selker. Mwaka 1984 alikuta takwimu kwamba mtu anayeandika hutumia kama robo tatu ya sekunde kuhamisha mkono kutoka kwenye kibodi hadi kwenye kipanya, na karibu muda huohuo kuurudisha. Kwa anayeandika siku nzima, robo tatu hizo ni nyingi. Alipokuwa IBM aliliendeleza wazo hilo pamoja na Joseph Rutledge, na Oktoba 1992 likatoka sokoni kwenye ThinkPad 700C.

Wekundu wake una kisa. Kanuni za IBM zilitenga rangi nyekundu kwa swichi za dharura tu. Richard Sapper, mbunifu Mjerumani aliyeipa ThinkPad sura yake nyeusi, alitaka kidude kionekane, kwa hiyo kwenye makaratasi rangi ile ikaandikwa kuwa ni majenta. Jina la rangi lilibadilishwa ili kanuni ipite, na kidude kikaendelea kuwa chekundu.

Chini ya ile kofia ya mpira kuna nguzo fupi isiyosogea. Tafadhali lishike hilo: haisogei. Kwenye shina lake vimebandikwa vihisio vya mkazo. Kidole kikiiegemea, nguzo hupinda kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, ukinzani wa umeme kwenye vihisio hubadilika, na kompyuta inajua kidole kinasukuma upande gani na kwa nguvu kiasi gani. Hapa ndipo kinapoachana na wenzake. Tufe hupima umbali: lizungushe kidogo, kishale kinaenda kidogo, ukiacha, umefika ulipofika. Kidude hiki hupima nguvu na kutoa mwendo. Ukiegemea kidogo kishale kinatambaa, ukikaza kinakimbia, ukiachia kinasimama, na muda wote huo kidole chenyewe hakijatoka mahali pake. Ndiyo maana mtu aliyezoea kipanya akikigusa kwa mara ya kwanza hukilaumu kwamba ni kigumu. Anajaribu kukitembeza wakati chenyewe kinataka kusukumwa.

Selker na Rutledge walitumia muda mwingi kwenye swali moja: nguvu kiasi gani itoe kasi kiasi gani? Jibu lao halikuwa mstari ulionyooka. Nguvu ndogo sana hupuuzwa, ili kidole kinachopumzika kisikisumbue kishale. Juu ya hapo kuna eneo bapa ambamo hata ukiongeza nguvu kidogo kasi inabaki ileile, kasi ambayo jicho linaweza kuifuata na kulenga. Ukipita eneo hilo kishale kinachomoka mbio kuvuka skrini. Ustadi wa kifaa hiki umo katika uhusiano huo wa nguvu na kasi, na ndiyo maana vya kuigiza vilivyotengenezwa bila uangalifu huchosha mkono.

Kina ugonjwa wake pia. Kikiegemewa kwa muda mrefu bila kuachiwa, au vihisio vikipata joto, kompyuta hupoteza sifuri yake, na kishale huanza kutambaa chenyewe kuelekea pembeni mwa skrini hali hakuna aliyekigusa. Kwenye maduka ya kompyuta za mtumba, ambako ThinkPad kuukuu kutoka ofisi za Ulaya ni nyingi, swali hili halikosi. "Kaka, hii mbona inatembea yenyewe, ina virusi?" Na fundi anayeijua kazi yake hujibu bila hata kuishika mashine: "Hapana dada, toa kidole, isubiri kidogo." Sekunde chache zinatosha, kifaa kinajipima upya na kishale kinatulia.

Sasa jina. Tafsiri ya kawaida ni kijiti cha kuelekezea. Siipendi, kwa sababu inampotosha mtumiaji palepale kwenye tendo. Kijiti ni kitu cha kuyumbisha, kama gia ya gari, na ukimwambia mtu ashike kijiti atakitikisa. Kinachoonekana na kuhisiwa na kidole ni uvimbe mdogo uliojitokeza katikati ya kibodi, na Kiswahili kinajua kuita uvimbe wa namna hiyo: nundu. Kidogo chake ni kinundu. Egemea kinundu, sukuma kinundu, badilisha kofia ya kinundu: sentensi zote tatu zinasimama, na hakuna inayomwambia mtu akitembeze kitu kisichotembea.

Pamoja na kinundu kuna vitufe vitatu chini ya kibonyezo kirefu cha nafasi, vya kubofyewa kwa kidole gumba. Hivyo si pambo. Mwaka 2013 Lenovo, ambao walikuwa wameshainunua biashara ya ThinkPad, walivifuta kwenye T440 na wenzake, wakataka eneo la juu la kile kibao bapa kilicho chini ya kibodi ndilo libofywe badala yake. Watumiaji walilalamika kwa nguvu, na mwaka 2015 T450 ikavirudisha. Kinundu bila vitufe vyake kinampotezea mtu ile robo tatu ya sekunde kilichoundwa kuiokoa.

Cha tatu kila mtu anakijua: kibao bapa kilicho mbele ya kibodi, ambacho madukani huitwa tachipedi na kwenye programu zilizotafsiriwa huandikwa padi ya mguso. Gavilan SC ya mwaka 1983 ilikuwa na kibao cha aina hiyo juu ya kibodi, lakini teknolojia iliyoenea ni ile iliyobuniwa na George Gerpheide mwaka 1988, ambayo Apple waliitia kwenye PowerBook 520 na 540 mwezi Mei 1994. Kampuni nyingine iliyokisambaza ni Synaptics, iliyoanzishwa mwaka 1986 na Carver Mead pamoja na Federico Faggin, mmoja wa wabunifu wa chipu ya Intel 4004. Walianza na utafiti wa mitandao ya neva, wakaishia kwenye vibao vya vidole. Ndani ya miaka michache tufe lilikuwa limekwisha.

Ukikifungua kibao hiki hukuti kitu kinachozunguka wala kinachopinda. Chini ya plastiki au kioo kuna wavu wa nyaya nyembamba zilizopishana. Kidole cha binadamu kina maji na chumvi, kwa hiyo kinapitisha umeme. Kikikaribia wavu, chaji inayohifadhiwa kwenye mapishano ya nyaya hubadilika. Chipu inalinganisha mabadiliko ya mapishano jirani na kukokotoa kitovu cha kidole kwa kosa dogo kuliko hata nafasi iliyopo kati ya waya na waya. Jaribu kukiendesha kwa ukucha au kwa kifuniko cha kalamu: kishale hakitikisiki. Umekigusa, tena kwa nguvu, na hakina habari.

Basi padi ya mguso inasema nini? Inasema jambo ambalo ni kweli nusu. Kugusa pekee hakutoshi, na vielekezi vyote vitatu vinaguswa. Tena mguso tumeshaupeleka kwenye skrini ya mguso, kwa hiyo kwenye mashine yenye vyote viwili maelekezo yanagongana. Watu wa kawaida walikuwa wepesi kuliko watafsiri. Simu za kioo zilipoingia Tanzania waliziita simu za kupangusa, wakataja tendo moja kwa moja. Ningelichukua pangusa lingekuwa halijabeba maana ya kuondoa uchafu au maji. Kipangusio kitasikika kama kitambaa. Karibu nalo kuna papasa, ambalo linafaa zaidi. Kupapasa ni kutafuta kitu kwa mkono bila kukitazama, kama gizani. Hivyo ndivyo ilivyo hapa: macho yako juu kwenye skrini, kidole kiko chini kinapapasa. Kwa hiyo kipapasio.

Najua walimu wa biolojia watasema vipapasio ni vya wadudu, vile viungo viwili vya kichwani vya kuhisia. Hilo kwangu ni sababu ya kulikubali neno. Kipapasio cha kompyuta nacho ni kiungo cha kuhisi, kinatambua kidole kama mende anavyotambua ukuta, na hakuna atakayesoma mwongozo wa kompyuta akadhani anaelezwa habari za mende. Kipanya chenyewe kiliazimwa kutoka kwa wanyama na hatujawahi kukosana.

Kwa kuwa kipapasio kinahisi chaji, kinaumizwa na mambo yanayogusa chaji. Kidole chenye jasho, jambo la kila siku Mombasa au Dar es Salaam mwezi Februari, huacha unyevu juu ya kibao na kishale kinaruka. Futa kwa kitambaa kikavu. La pili ni chaja. Chaja isiyofika kwenye waya wa ethi, ama kwa ubora wake mdogo ama kwa kuwa nyumba yenyewe haina ethi, huvujisha kelele ya umeme hadi kwenye mwili wa mashine, na kipapasio kinashindwa kuitofautisha na kidole. Kishale kinacheza. Kabla hujatoa hela ya kubadilishiwa kipapasio, chomoa chaja utumie betri. Kishale kikitulia, mgonjwa ni chaja au soketi. Hili watu wengi hawaambiwi, na wanauziwa vipuri wasivyovihitaji. La tatu ni kiganja: unaandika, sehemu ya chini ya kidole gumba inaelea juu ya kibao, ghafla maneno yanaangukia aya nyingine. Programu za siku hizi hupima upana wa mguso na kupuuza ulio mkubwa mno kuwa kidole, ila hazifanani kwa ubora.

Apple waliondoa kitufe cha kipapasio mwaka 2008 wakafanya kibao chote cha kioo kiwe kitufe. Mwaka 2015 wakaenda mbele zaidi: kibao hakishuki kabisa. Vihisio vinapima nguvu ya kidole, kisha sumaku ya umeme inakitikisa kibao kwa mlalo kidogo tu, na kidole kinasadiki kwamba kimebofya. Ukiizima mashine na kubonyeza, unakuta ni kioo kikavu.

Kipi bora? Mwaka 1978 Stuart Card, Bill English na Betty Burr walichapisha ulinganisho uliofanyika Xerox kati ya kipanya, kijiti cha kusukuma na vibonyezo vya kibodi. Kipanya kiliongoza. Kijiti chao kilikuwa cha jamii ya kinundu, kinachogeuza nguvu kuwa mwendo, na kilikuja nyuma yake. Hiyo haishangazi: katika kulenga kitu kidogo, tena na tena, kifaa cha umbali hushinda kifaa cha kasi. Lakini kazi halisi ya mwandishi, mhasibu au mtunzi wa programu si kulenga tu. Ni kuandika mstari, kurekebisha neno, kuandika tena, na kwa kazi ya namna hiyo naona kinundu hakina mpinzani, kwa sababu mkono haujawahi kuondoka kwenye herufi. Anayechora, anayehariri picha au anayesoma kurasa ndefu atakichukia, na atakuwa na haki. Kwake ni kipapasio, hasa kipana cha kioo, au arudi kwenye kipanya akipata meza.

Kilichokipa kipapasio ushindi sokoni ni kwamba kinakubali vidole zaidi ya kimoja. Vidole viwili vinasogeza ukurasa, vikitanuliwa vinakuza picha, vikibanwa vinaipunguza. Vitatu vinahamisha dirisha. Tufe na kinundu vina msamiati mfupi mno kufika huko. Na kwetu watunga istilahi huku ndiko kazi mpya iliko. Kutanua na kubana havina shida. Shida iko kwenye kusogeza ukurasa, ambako maelekezo huandikwa teremsha vidole. Mwaka 2011 kompyuta za Apple zilibadili mwelekeo: vidole vikipanda, maandishi nayo yanapanda, na msomaji anaendelea na yaliyo chini. Kwenye mashine nyingi nyingine ilikuwa kinyume, vidole vikishuka maandishi yanapanda, na leo mtumiaji anaweza kuchagua kwenye mipangilio. Maana yake ni kwamba neno teremsha, likielekezwa kwa vidole, ni sahihi kwenye mashine moja na kosa kwenye ya jirani. Tuandike kile kinachotokea kwenye skrini: pandisha maandishi uone yaliyo chini, shusha maandishi urudi juu. Vidole viachwe vifuate mipangilio ya mwenye navyo.